Dondoo muhimu: Fyuzi na breka za transfoma

Hesabu ya mkondo huanzia kwenye kibati cha transfoma. Kwa umeme wa njia tatu, kVA huzidishwa kwa 1,000, kisha jibu hugawanywa kwa volti zilizozidishwa kwa 1.732. Transfoma ya kVA 100 inayoshusha umeme kutoka kilovolti 11 hadi volti 400 huvuta ampea 5.25 upande wa msongo mkubwa na kutoa ampea 144 upande wa msongo mdogo.

Fyuzi ya msongo mkubwa haipimwi sawasawa na hesabu hiyo. Transfoma inapowashwa huvuta, kwa sehemu ndogo ya sekunde, mkondo unaoweza kufikia mara 8 hadi 12 ya ule wa kawaida, na fyuzi ndogo mno huungua bila hitilafu yoyote. Kwa mfano huu ampea 10 huchaguliwa mara nyingi. Fyuzi hiyo ni ya kukata shoti. Haizuii transfoma kuzidiwa na mzigo.

Mzigo hulindwa na breka ya msongo mdogo, hapa ya ampea 160, ambayo lazima ikate kabla ya fyuzi ya juu. Uwezo wake wa kukata shoti nao huangaliwa, jambo linalosahaulika mno. Ikiwa kibati kinaonyesha impidansi ya asilimia 4, shoti kwenye vituo vya transfoma hufikia takriban ampea 3,600.

Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa fyuzi ya aina na kipimo kilekile. Kipande cha waya wa shaba si mbadala.