Kupunguza Miti katika Shamba la Misonobari

Mkulima aambiwapo akate miti michanga iliyo hai, hudhani kwamba anaharibu mali yake. Je, sayansi yasemaje?

Tuchukue mfano wa Pinus patula, msonobari wenye asili ya Meksiko unaopandwa kwa wingi huko Sao Hill, wilayani Mufindi. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja huchukua miche 1,600. Baada ya miaka kadhaa matawi hukutana, na miti hugombea mwanga, maji na chakula cha udongoni. Iliyo dhaifu ikiondolewa, inayobaki hupanua matawi na mizizi. Urefu wake hubadilika kidogo tu. Kinachoongezeka hasa ni unene. Shina lenye kipenyo cha sentimita 30 lina eneo la mkato mara 2.25 ya lile la sentimita 20. Kwa hiyo hutoa mbao pana zaidi.

Chini ya miti pia hali hubadilika. Penye kivuli kizito, majani makavu ya msonobari hufunika ardhi na mimea huwa michache. Mwanga ukipenya, mbegu huota, na mimea ya aina mbalimbali huukinga udongo usichukuliwe na mvua. Hata hivyo, miti ikipunguzwa kupita kiasi, nyasi hushamiri na kuchochea moto wakati wa kiangazi.

Zoezi: Wekeni miraba mitano ya mita 1 kwa 1 katika sehemu iliyopunguzwa miti, na mitano katika isiyopunguzwa. Hesabuni aina za mimea katika kila mraba, kisha linganisheni wastani.