Leseni ni Ahadi: Jinsi Leseni ya Duka la Pombe Inavyochunguzwa Upya

Mtu akipita mbele ya duka na kuona rafu za pombe zimefunikwa, na tangazo limebandikwa mlangoni, husema upesi, "Serikali imemnyang'anya mwenzetu riziki yake." Mwingine hujibu, "Afadhali, maana alitusumbua mno." Wote wawili wasema bila kujua. Hawajui ni nani aliyelianza shauri lile, ni nani aliyelisikiliza, wala mwenye duka alipewa nafasi gani ya kujieleza. Katika somo la leo twataka kulifuata shauri la namna hiyo tangu mwanzo hata mwisho, ili msomaji apate kupima mwenyewe kama haki imetendeka.

Tumechagua mfano wa sehemu mbili za Uingereza, yaani England na Wales, ambazo hufuata sheria moja ya leseni. Sheria hiyo ya mwaka 2003 inaeleza kila hatua waziwazi. Tena, mambo haya si mageni kwetu kabisa. Familia nyingi zenye asili ya Kihindi zilizoondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na zile zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, zilianza maisha mapya katika miji kama Leicester na London. Wengi wao walijipatia riziki kwa kufungua maduka madogo, yale ambayo mkate, magazeti, peremende na chupa za bia huuzwa katika chumba kimoja.

LESENI NI KITU GANI?

Wengi hudhani kwamba leseni ni mali, kama vile shamba au nyumba: ukiisha kuipata, ni yako. Sivyo. Leseni ni ruhusa iliyofungwa kwa masharti. Mwenye duka anaambiwa, "Waweza kuuza pombe mahali hapa, kwa saa hizi, ukifanya hivi na kuacha hivi." Akikubali, ametoa ahadi mbele ya majirani zake wote, na ahadi ni deni.

Kabla ya sheria ile kuanza kutumika kikamilifu mwezi wa Novemba 2005, leseni za pombe zilitolewa na mahakimu. Siku hizi hutolewa na baraza la mji au la wilaya. Baraza hilo, katika kazi yake yote ya leseni, halina budi kuangalia makusudi manne tu: kuzuia uhalifu na fujo, kulinda usalama wa watu, kuzuia udhia kwa jirani, na kuwalinda watoto wasidhurike. Jambo lisilohusu mojawapo ya makusudi hayo manne haliwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu leseni. Haitoshi kusema, "Mimi sipendi pombe," au, "Duka lake lachukua wateja wangu."

Masharti mengine huwekwa na sheria kwa kila duka. Kwa mfano, pombe haiwezi kuuzwa ikiwa hakuna msimamizi aliyetajwa katika leseni, na msimamizi huyo lazima awe na leseni yake mwenyewe ya kusimamia uuzaji wa pombe. Tena, tangu Oktoba 2010, kila duka lapaswa kuwa na utaratibu wa kuhakikisha umri wa mnunuzi. Sheria yakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18, lakini maduka mengi hufuata desturi ya kumwomba kitambulisho kila aonekanaye kuwa chini ya miaka 25, kwa maana macho ya mwuzaji yaweza kudanganyika. Masharti mengine huwekwa kwa duka moja moja, kulingana na mahali lilipo na shida zilizoko huko.

MFANO WA DUKA MOJA

Tufikirie duka moja, lililo pembeni mwa barabara, karibu na kituo cha mabasi. Hili ni duka la mfano tu, wala halina jina. Leseni yake yaruhusu kuuza pombe tangu saa mbili asubuhi hata saa tano usiku. Masharti yake ni haya: kamera za ulinzi zifanye kazi wakati wote, na picha zake zihifadhiwe kwa siku 31, kila mara mwuzaji anapokataa kumwuzia mtu, aandike katika kitabu tarehe, saa na sababu, wauzaji wote wafundishwe, na mafundisho hayo yaandikwe, tena bia kali isiuzwe kopo moja moja.

Masharti haya yaonekana madogo. Lakini kila moja lina sababu yake. Picha za kamera husaidia polisi kumjua mtu aliyefanya fujo. Kitabu cha kukataa huonyesha kama wauzaji wanakataa kweli, maana duka lililo karibu na vijana wengi, ambalo kitabu chake kina kurasa tupu, haliwezi kusemwa kwamba halikujaribiwa kamwe. Nalo katazo la kopo moja moja limewekwa kwa ajili ya walevi wa barabarani, ambao hununua kidogo, hunywa papo hapo kituoni, kisha hurudi tena.

Siku moja afisa wa leseni anafika. Anaomba picha za juma lililopita. Anaambiwa kwamba mashine imeharibika. Anaomba kitabu, maandishi ya mwisho ni ya miezi minane iliyopita. Afisa anaandika barua ya kuonya na kutoa muda wa kutengeneza. Baada ya majuma sita anarudi, naye anakuta mambo ni yale yale. Kisha maafisa wanaolinda haki za wanunuzi wanamtuma kijana wa miaka 16, kama sheria inavyowaruhusu, aende kununua bia. Mwuzaji anampa bia pamoja na chenji yake, bila kumwuliza neno.

Hapo makosa mawili yamekutana. Kuuza pombe kinyume cha masharti ya leseni ni kosa la jinai, na mahakama yaweza kumfunga mtu hata miezi sita, au kumtoza faini isiyo na kikomo, au yote mawili. Kumwuzia mtoto ni kosa lingine peke yake. Lakini mashtaka ya mahakamani ni njia moja, na kuchunguzwa upya kwa leseni ni njia nyingine. Njia hizi mbili zaweza kwenda pamoja, wala moja haingoji nyingine.

NANI AWEZA KUOMBA UCHUNGUZI?

Polisi waweza kuomba, na vilevile idara za moto, afya, ulinzi wa watoto, haki za wanunuzi, na nyinginezo zilizotajwa na sheria. Lakini yafaa msomaji atie moyoni kwamba mtu yeyote aweza kuomba pia, hata mama mzee akaaye juu ya duka ambaye halali usiku kwa makelele. Zamani ilimpasa mwombaji awe mkazi au mfanyabiashara wa mahali pale. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2012. Hata hivyo, baraza laweza kukataa ombi la raia lisilo na maana, au lililotolewa kwa chuki tu, au linalorudia jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mwombaji lazima ampelekee mwenye leseni nakala ya ombi lake siku ile ile anapolipeleka kwa baraza. Hakuna kushtakiana kwa siri. Ndipo baraza hubandika tangazo la rangi ya buluu hafifu dukani au karibu nalo, kwa muda wa siku 28, ili kila mtu apate kusema neno lake kwa maandishi, akitetea au akilaumu. Muda huo ukiisha, shauri husikilizwa katika siku 20 za kazi zinazofuata.

Ikiwa kuna uhalifu mkubwa au fujo kubwa, polisi peke yao waweza kuomba uchunguzi wa haraka, na baraza hulazimika kufikiri katika muda wa saa 48 kama ichukuliwe hatua ya muda kabla ya shauri lenyewe. Lakini duka letu la mfano halikufika huko.

SIKU YA KUSIKILIZWA

Shauri husikilizwa na madiwani watatu. Hawa si mahakimu, wala kazi yao si kuamua kama mtu ana hatia ya jinai. Kazi yao ni kutazama mbele. Swali lao si, "Mtu huyu aadhibiwe kiasi gani?" bali ni, "Tufanye nini ili mambo haya yasitokee tena?" Nao huamua kwa kupima ni lipi lielekealo zaidi kuwa kweli, wala hawahitaji ushahidi usio na shaka yoyote kama ule utakiwao katika kesi ya jinai.

Sasa tufikirie wenye maduka wawili waliofanya makosa yale yale, wakaitwa siku moja.

Wa kwanza anasimama na kusema, "Mabwana na mabibi, nilikuwa nimeugua, nikamwachia duka mpwa wangu. Naomba radhi. Naahidi kwamba nitanunua kamera mpya." Diwani anamwuliza, "Ulipata barua ya kuonya lini?" Anajibu kwamba ni miezi mitatu sasa. "Na tangu siku hiyo umefanya nini?" Hapo ananyamaza.

Wa pili naye alikuwa ameugua. Lakini alipopata ombi la polisi, hakungoja siku ya shauri. Amekuja na risiti ya fundi wa kamera. Amekuja na kitabu cha kukataa, kilichoandikwa kila siku kwa muda wa majuma matano. Amemwondoa yule msimamizi aliyelala kazini, na wauzaji wake wamekwisha kufundishwa na mtu asiye wa nyumba yake. Tena ametengeneza mashine ya kuhesabia fedha, ili kila chupa ya pombe inapopita, imkumbushe mwuzaji kuuliza umri.

Wote wawili waomba huruma, lakini madiwani hawapimi machozi. Wa kwanza ameleta ahadi juu ya ahadi aliyokwisha kuivunja. Wa pili ameleta matendo.

MADIWANI WAWEZA KUFANYA NINI?

Sheria imewapa njia hizi. Waweza kuacha leseni kama ilivyo. Waweza kubadili masharti au kuongeza mengine. Waweza kukataza baadhi ya kazi zilizoruhusiwa. Waweza kumwondoa msimamizi aliyetajwa katika leseni. Waweza kusimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi mitatu. Mwisho wa yote, waweza kuifuta kabisa. Hatua yoyote watakayoichukua lazima iwe ya kufaa kwa yale makusudi manne, wala isipite kiasi cha ubaya wenyewe.

Katika mfano wetu, yule wa pili yamkini atapata masharti mapya, na labda kusimamishwa kwa majuma machache. Yule wa kwanza yuko hatarini kupoteza leseni yake. Watu wengi huuliza, "Kwa nini asipewe masharti makali zaidi?" Jibu ni jepesi. Aliyeshindwa kushika masharti manne, ukimpa manane, umemwongezea karatasi tu.

Basi, je, ni haki kufikiria mfano wataouona wenye maduka wengine? Swali hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 2008, katika shauri la Baraza la Wilaya ya Bassetlaw, lililohusu watoto kuuziwa pombe. Mahakama ilisema kwamba nia ya kuwaonya wengine ni jambo ambalo laweza kufikiriwa kwa halali, kwa kuwa nalo huwalinda watoto.

Mwenye leseni asiyeridhika ana siku 21 za kukata rufani kwa mahakama ya mahakimu, na vilevile mwombaji asiyeridhika. Wakati huo wote, uamuzi wa madiwani hauanzi kufanya kazi mpaka siku hizo zipite, au rufani iamuliwe. Ndiyo maana jirani huweza kusikia kwamba leseni imefutwa, na kesho yake akaona bia inauzwa kama kawaida. Hilo si hongo wala kiburi. Ni sheria, isije ikawa riziki ya mtu imeharibiwa kabla mahakama haijasema neno.

Tusisahau pia kwamba leseni ikifutwa, duka lenyewe halifungwi. Mkate na maziwa vyaweza kuuzwa bado. Lakini pale ambapo kodi ya nyumba ililipwa kwa faida ya bia, watu wa nyumba ile watalala na hofu. Uzito huo ndio uliofanya sheria iweke tangazo, muda, kusikilizwa, sababu na rufani.

NENO LA MWISHO

Hapa Kenya utaratibu ni mwingine. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, ilikataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na Katiba ya mwaka ule ule iliweka kazi ya leseni za vileo chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mwenye duka wa Kenya na asome sheria ya kaunti yake mwenyewe, wala asitegemee mfano huu. Lakini fundisho moja halibadiliki kwa kuvuka bahari: siku ya kutetea leseni si siku ya kuitwa mbele ya kamati. Ni kila jioni, mteja kijana anaposimama mbele ya meza ya kuuzia, na mwuzaji akachagua kuuliza au kunyamaza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja makusudi manne ambayo baraza lapaswa kuyaangalia.

2. Kuna tofauti gani kati ya kesi ya jinai na uchunguzi wa leseni?

3. Kwa nini leseni iliyofutwa yaweza kuendelea kutumika kwa muda?

4. Ungekuwa mmoja wa madiwani watatu, ungewaamulia nini wale wenye maduka wawili, na kwa sababu gani?