Picha ya CV Isihame: Mwongozo kwa Wanaotafuta Kazi Doha

Tangu Qatar ilipotoa Sheria namba 18 ya mwaka 2020, mfanyakazi hahitaji tena barua ya ruhusa ya mwajiri ili ahamie kampuni nyingine. Anatakiwa kutoa notisi: mwezi mmoja ikiwa hajapitisha miaka miwili kazini, miezi miwili ikiwa ameipita. Kwa walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva na wasafishaji kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walioko Doha, CV imekuwa karatasi ya kurekebishwa kila mara. Na CV ya huku Ghuba huwa na picha. Waajiri wa Uingereza na Marekani kwa kawaida hawaitaki, kwa hiyo ukiomba kazi huko iondoe. Hapa ukituma bila picha, huenda ukaulizwa iko wapi.

Tabu inaanzia kwenye picha hiyo. Mtu anaazima kompyuta ya mwenzake kwenye kempu, yaani makazi ya wafanyakazi, anafungua Word, anaingiza picha na kuivuta kwenye kona ya juu kulia. Jina lake linaruka hadi katikati ya ukurasa. Anabonyeza Enter mpaka mambo yanakaa sawa, anatuma kwa WhatsApp. Anayepokea anafungua faili kwenye simu, picha imelalia namba ya simu ya mwombaji.

Word huichukulia picha kwa namna mbili. Unapoiingiza, kwa kawaida huwekwa ndani ya mstari, yaani ni herufi kubwa kupita nyingine zote: inasukuma maneno na kurefusha mstari, wala haivutiki kwenda popote upendapo. Ukibofya picha, kando yake hutokea kitufe kidogo kiitwacho Layout Options. Chaguo la juu, In Line with Text, ndilo hilo la ndani ya mstari. Yaliyo chini yake huifanya picha ielee: Square huyapanga maneno kuizunguka, Top and Bottom huyaacha juu na chini tu, Behind Text huiweka nyuma ya maandishi na In Front of Text huiweka mbele. Hili la mwisho ndilo linalofunika namba za simu.

Picha inayoelea haiko huru kama inavyoonekana. Imefungwa kwa nanga kwenye aya fulani, na alama ya nanga huonekana pembeni ukiibofya picha. Ukifuta aya yote yenye nanga, picha inakwenda nayo. Ukiongeza mistari juu yake, picha inashuka, isipokuwa umechagua Fix position on page kwenye Layout Options. Hapo hubaki mahali pake ukurasani hata maneno yakisogea, ila aya yake ikihamia ukurasa wa pili, picha nayo inahamia huko. Watu wengi husema Word imeichezea picha yao, kumbe nanga ilikuwa kwenye aya waliyoihamisha wenyewe.

Kwa CV ushauri wangu ni mmoja: usiifanye picha ielee. Tengeneza jedwali la mstari mmoja na safu mbili juu kabisa ya ukurasa. Kushoto andika jina, namba ya simu na barua pepe. Kulia weka picha, ikiwa ndani ya mstari. Bofya jedwali kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Table Properties, kisha Options, uondoe alama ya tiki kwenye Automatically resize to fit contents, la sivyo picha kubwa itaitanua safu yake na kulibana jina lako. Mwisho nenda Borders uchague No Border ili mistari ya jedwali isionekane. Msomaji ataona jina kushoto na picha kulia, na faili hiyo ikifunguliwa kwenye simu au kwenye programu nyingine, picha ina nafasi kubwa zaidi ya kubaki ilipo.

Picha ikionekana kama ukanda mwembamba tu, kosa haliko kwenye picha. Aya hiyo imepewa kimo cha mstari kisichobadilika. Weka kielekezi hapo ubonyeze Ctrl na 1, nayo itatokea nzima. Na ukitaka kuipunguza, vuta kona, usivute ubavu. Ukivuta ubavu uso unakuwa mpana au mrefu, na anayechagua watu wa mapokezi ataliona hilo kabla hajasoma lolote.

Usumbufu wa pili ni Word kujifanya inajua unachotaka kuandika. Ukiandika 1, nukta na nafasi, inaanza orodha yenye namba na kuisogeza ndani. Ukianza na alama ya nyota (*) na nafasi, inaweka kitone. Ukiandika barua pepe yako na kubonyeza nafasi, inakuwa ya buluu yenye mstari chini. Vistari vitatu na Enter vinageuka mstari mrefu wa kukata ukurasa, na huo hautoki kwa kubonyeza kitufe cha kufutia, kwa sababu ni mpaka wa aya iliyo juu yake: weka kielekezi kwenye aya hiyo, kisha Borders, No Border.

Dawa ya haraka ni Ctrl na Z palepale, kabla hujaandika kitu kingine. Mara ya kwanza hurudisha umbo tu, maneno uliyoandika yanabaki. Dawa ya kudumu iko File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Kwenye kichupo cha AutoFormat As You Type ondoa tiki kwenye vitone, namba, mistari ya mipaka na viungo vya intaneti. Mimi huondoa zote nne; orodha nikiitaka, kitufe chake kipo juu na nakibonyeza mwenyewe. Wanaotumia Google Docs wataona mambo kama hayo kwenye Tools, halafu Preferences.

Anayeandika kwa Kiswahili, tuseme barua ya chama cha watu wa nyumbani, ana kero yake. Word ikiona nukta inaamini sentensi imekwisha, hivyo “Na. ya simu” inaweza kugeuka “Na. Ya simu”. Kwenye AutoCorrect Options hiyohiyo kuna kitufe cha Exceptions; ongeza “Na.” humo na vifupisho vingine unavyotumia. Mistari myekundu chini ya kila neno itaondoka ukichagua maandishi yote, ukaenda Review, Language, Set Proofing Language, ukaweka tiki kwenye Do not check spelling or grammar.

Halafu kuna jambo ambalo mtu aliyejifunza kompyuta Mwanza au Kisumu huenda hajawahi kukutana nalo. Kompyuta nyingi za Doha zina kibodi ya Kiarabu pamoja na ya Kiingereza. Alt na Shift hubadili lugha, na ukizigusa kwa bahati mbaya herufi za Kiarabu zinaanza kutoka. Zibonyeze tena urudi. Kinachowachanganya wengi zaidi ni Ctrl na Shift ya kulia: aya nzima inahamia upande wa kulia na nukta ya mwisho inatokea kushoto, mwanzoni mwa sentensi. Usiifute ukaandika upya. Weka kielekezi kwenye aya hiyo ubonyeze Ctrl na Shift ya kushoto, itarudi. Tarakimu zikitokea kwa umbo wanaloandika Waarabu, nenda File, Options, Advanced, utafute Numeral uweke Arabic. Jina hilo linapotosha: Arabic hapo ni 1, 2, 3 tulizozizoea, na zile nyingine zinaitwa Hindi.

Ukimaliza, usitume faili ya Word isipokuwa umeombwa. Tumia Save As, chagua PDF. Humo picha, mistari na herufi hubaki jinsi ulivyoziacha. Faili ikiwa nzito kwa tovuti ya kuombea kazi, bofya picha, nenda Picture Format, Compress Pictures, kisha utengeneze PDF upya. Itume kwanza kwa rafiki aifungue kwenye simu yake, maana simu yako inaweza kuwa na programu ambazo ya mwajiri haina. Faili ya Word itunze kwenye barua pepe yako, ndiyo utakayoirekebisha kesho.

Na kama uliandikia kwenye duka la kutaipu au kompyuta ya kempu, usiondoke hivihivi. CV yako ina picha, namba ya pasipoti na pengine ya QID, yaani kitambulisho cha Qatar. Futa faili, futa na iliyoko Downloads, safisha Recycle Bin, kisha toka kwenye barua pepe na WhatsApp ya kompyuta kabla hujainuka kitini.