Msimu Mmoja, Ubongo Mmoja: Mtikisiko wa Ubongo kwa Mwanafunzi Mwanamichezo

Msimu wa UMISSETA unapowadia, viwanja vya shule za sekondari Tunduma, Vwawa na Mlowo hujaa vumbi na shangwe. Mchujo huanzia shuleni, ukapanda hadi wilaya na mkoa, na walio bora huuwakilisha Mkoa wa Songwe katika mashindano ya taifa. Mechi hukaribiana mno, na mchezaji anayekosa moja huhofia kukosa msimu mzima. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya afiche maumivu.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Beki wa kidato cha tatu anagongana kichwa na mshambuliaji wakiwania mpira wa juu. Anaanguka, anainuka, anasema, “Niko sawa, mwalimu.” Hana jeraha wala uvimbe. Dakika chache baadaye anamuuliza mwenzake matokeo. Anajibiwa, kisha anauliza tena swali lile lile. Mwalimu wa michezo afanye nini?

Amtoe uwanjani, na asimrudishe siku hiyo.

Mtikisiko wa ubongo ni nini?

Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Pigo la kichwani, au la mwilini linalokirusha kichwa ghafla, huutikisa na kuvuruga utendaji wa seli zake. Kwa kuwa kinachovurugika ni utendaji, kipimo cha CT mara nyingi hakionyeshi kasoro yoyote. Vilevile, wengi wa wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukizwa na mwanga au kelele, kusahau, kuzubaa na kubadilika tabia. Baadhi hujitokeza baada ya saa kadhaa, hata siku iliyofuata.

Mchezaji anayerudi uwanjani katika hali hiyo huchelewa kuuona mpira na kuukwepa mguu wa mpinzani, hivyo huumia tena kwa urahisi. Pigo la pili kabla ubongo haujapona hurefusha ugonjwa. Na kwa nadra, hasa kwa vijana, ubongo huvimba ghafla na kusababisha kifo.

Funzo kutoka vyuo vya Marekani

Vyuo vya Marekani vina mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai, ambao wachezaji hukabana kwa miili. Katika msimu wa mwaka 1905, takriban vijana 18 walipoteza maisha katika mchezo huo nchini humo. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, na mwaka 1906 kanuni zikabadilishwa ili kupunguza msongamano wa miili.

Zaidi ya karne moja baadaye, vyuo vya Ivy League viligundua kuwa mitikisiko mingi ilitokea wakati wa shuti la kuanzisha mchezo, pale wachezaji wa pande mbili wanapokimbiliana kwa kasi. Mwaka 2016 walisogeza mbele kwa yadi 5 tu mahali pa kupigia shuti hilo, ili mipira mingi iishie nyuma ya mstari bila kukimbizwa. Mitikisiko ikashuka kutoka takriban 11 hadi 2 kwa kila mashuti 1,000. Wachezaji hao walivaa kofia ngumu miaka yote hiyo. Kofia hulinda fuvu lisipasuke, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Kilicholeta nafuu ni watu wazima kubadili utaratibu.

Mpira wetu wa miguu nao umepiga hatua: tangu mwaka 2024, sheria zake zinaruhusu mashindano kuweka mchezaji wa akiba wa ziada kwa ajili ya anayeshukiwa kupata mtikisiko.

Dalili za hatari

Mpeleke majeruhi hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: kupoteza fahamu, degedege, kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa kunakozidi, udhaifu au ganzi ya mkono au mguu, kuona vitu viwili, au maumivu ya shingo. Anayeumwa shingo asiinuliwe ovyo. Kichwa na shingo vishikiliwe visisogee hadi msaada ufike. Asipakiwe kwenye bodaboda. Foleni ya malori ya mpakani wakazi wa Tunduma wanaijua. Basi gari na njia vipangwe kabla ya mechi.

Mhudumu wa afya apime fahamu kwa kipimo cha Glasgow, aangalie mboni, shingo na nguvu za viungo, na arudie kupima. Alama zikishuka, asisubiri, atoe rufaa.

Kurudi darasani, kisha uwanjani

Asiye na dalili za hatari apumzike nyumbani saa 24 hadi 48, apunguze simu na runinga, lakini si lazima afungiwe gizani. Mtu mzima awe karibu naye usiku wa kwanza. Kulala kunaruhusiwa ilimradi huamka kama kawaida. Parasetamoli inatosha kwa maumivu. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe mwanzoni kwa sababu huweza kuongeza uvujaji wa damu. Asiendeshe baiskeli wala pikipiki.

Baada ya hapo atembee, arudi masomoni taratibu, kisha akimbie mbio nyepesi, afanye mazoezi ya mpira bila kukabana, na baada ya kupimwa na mtaalamu afanye mazoezi kamili, hatimaye mechi. Kila hatua ichukue angalau siku moja. Dalili zikizidi, arudi hatua moja nyuma. Wanafunzi wengi hupona ndani ya mwezi mmoja.

Turudi kwa beki wetu. Huenda akalia kwa kukosa fainali, na wenzake wakanung’unika. Ndiyo maana uamuzi usiachwe kwake wala kwa mashabiki. Kabla ya mechi ya kwanza, mwalimu, wazazi na wachezaji wakubaliane kwa sauti moja: anayeshukiwa atoke, na asirudi siku hiyo. Msimu mwingine utakuja mwakani. Kijana huyo anahitaji kuufikia akiwa na akili timamu, na mtihani wake wa kidato cha nne pia.