PUMU: TABU NI KUTOA PUMZI

Kama huna ugonjwa wa kifua, jaribu jambo hili hapo ulipo. Vuta pumzi mpaka kifua kijae, kisha toa nusu tu. Vuta tena, toa nusu. Ukirudia mara tatu au nne utaona kifua kimejaa, na bado unataka hewa. Hivyo ndivyo anavyojisikia mgonjwa wa pumu akibanwa. Watu husema hawezi kuvuta hewa. Kumbe hewa ya zamani imekwama ndani, na mpya haina nafasi.

Ndani ya mapafu njia ya hewa hugawanyika kama matawi ya mwembe, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia, mpaka kwenye vifuko vidogo ambamo damu huchukua oksijeni. Pumu hushika matawi hayo. Misuli inayoyazunguka hukaza, ngozi laini ya ndani huvimba, na ute mzito huziba. Mrija ukipungua upana ukawa nusu, ugumu wa kupitisha hewa waweza kuongezeka mara 16. Tena, unapovuta pumzi kifua hupanuka na kuyafungua matawi kidogo, unapotoa, husinyaa. Ndiyo sababu ile filimbi ya kifuani husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi.

Lakini filimbi kunyamaza huweza kuwa jambo baya zaidi. Usiku mmoja mama alinigongea mlango, amebeba mtoto wa miaka minane. "Mganga, nilitaka nisije, maana filimbi imekoma." Nilipoweka sikio kifuani sikusikia kitu. Hewa ilikuwa haipiti ya kutosha hata kupiga filimbi! Midomo ilianza kuwa na rangi ya buluu, naye hakuweza kutamka maneno mawili. Tulimpa dawa huku gari likitafutwa, akafika hospitali, akapona. Mama yule hakukosea kwa uzembe. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: uvimbe wa ndani hubaki hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Salbutamoli ya kuvuta hulegeza misuli kwa saa chache tu, haiondoi uvimbe. Dawa ya kuvuta ya jamii ya steroidi ndiyo hutuliza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku kama mganga alivyoagiza, si siku ya kubanwa peke yake. Ukiona unahitaji salbutamoli mara kwa mara, rudi zahanati. Moshi wa kuni, sigara, vumbi la kupepeta nafaka na mafua huamsha pumu. Mgonjwa asikae navyo. Kula naye sahani moja hakuambukizi.

Mtoto asiyeweza kuvuta dawa vizuri asaidiwe kwa chupa safi ya plastiki ya nusu lita. Toboa kitako chake, tundu lienee mdomo wa kopo la dawa, ziba pembeni kwa plasta. Mtoto ashike mdomo wa chupa kwa midomo yake. Tikisa kopo, bonyeza mara moja, apumue mara tano au sita humo humo, ndipo ubonyeze tena. Akishindwa kuongea, akilegea au midomo ikibadilika rangi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, huku ukiendelea kumpa dawa njiani.