Paneli ya Sola ya Kukunja: Piga Hesabu Tatu Kabla ya Kulipa Pole Pole

Siku hizi kuna paneli za sola unazokunja kama gazeti na kutia kwenye begi. Kama unauza muguka Embu au miraa Maua, na simu ndiyo duka lako, hiyo ni habari njema. Lakini kabla hujaanza kulipia kila siku, tupige hesabu pamoja.

Sola si mgeni huku

Mwaka 1984, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins waliweka taa za sola katika Shule ya Sekondari ya Karamugi Harambee, Meru. Walimu na wakulima wa kahawa wakaona, wakajinunulia. Baadaye zikaja paneli ndogo za bei nafuu, za wati 12 hivi. Nyingi zilifanya kazi vizuri, lakini vipimo vilionyesha baadhi ya chapa zilitoa umeme kidogo sana kuliko ulioandikwa. Kwa macho tu, mnunuzi hangejua.

Polima ni nini?

Ni jamii ya plastiki. Mwaka 2000, Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa plastiki zinazopitisha umeme. Leo plastiki za aina hiyo zinaweza kuchapishwa kama wino juu ya utando mwembamba, zikageuza mwanga kuwa umeme. Ni nyepesi na hazivunjiki zikianguka. Adui yake ni hewa na unyevu: vikipenya, nguvu inashuka. Paneli za kioo mara nyingi huwa na dhamana ya nguvu ya miaka 25. Za polima bado hazijafika hapo.

Tena, paneli nyingi za kukunja zilizo madukani si polima. Ni vipande vya silikoni vilivyoshonwa kwenye kitambaa. Muulize muuzaji yake ni ipi.

Hesabu 1: Itachaji simu ngapi?

Betri ya simu ya 5,000 mAh hubeba karibu wati-saa 19. Paneli ya wati 10 ikipata jua kali saa nne inatoa 40. Toa nusu kwa sababu ya joto, mawingu na waya: zinabaki 20. Hiyo ni simu moja kwa siku. Mwezi wa Julai, wingu likikaa Embu mchana kutwa, hata hiyo moja ni bahati.

Hesabu 2: Jumla ni ngapi?

Tuseme deposit ni KSh 500, kisha KSh 20 kwa siku 365. Jumla ni KSh 7,800. Kama bei ya taslimu ni KSh 5,500, unalipa KSh 2,300 zaidi. Si vibaya, bora ujue.

Hesabu 3: Dhamana inaisha lini?

Dhamana ikiwa miezi 6, itakuacha na deni la karibu KSh 3,700. Paneli ikifa siku hiyo, bado unalipa. Kanuni yetu ni rahisi: dhamana isiwe fupi kuliko malipo.

Ukilipa

Tumia Till au Paybill ya duka, si nambari ya mtu binafsi. Soma jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo. Usifute SMS za malipo: ukirudisha paneli, hizo ndizo risiti zako.