Sumukuvu si kuvu

Mvua zimekatika, na hapa Misigiri, kwenye njia panda ya Kiomboi, maturubai ya mahindi na alizeti yameanza kutandazwa. Ni msimu ambao bwana shamba hamalizi mkutano bila kutaja sumukuvu. Wakulima huitikia kwa kichwa, lakini ukiwauliza ni kitu gani, wengi watakujibu, "Si ule ukungu wa mahindi?"

Hapana. Ukungu ni kuvu. Sumukuvu ni sumu ambayo kuvu hiyo huitengeneza ndani ya punje. Sisi wa Singida tunaijua asali: ukimfukuza nyuki kwa moshi, asali haiondoki naye. Ndivyo ilivyo hapa. Mahindi ukiyapepeta, ukayafuta na kuyaanika upya hadi yang'ae, kuvu itakuwa imekwenda na sumu imebaki. Jiko la ugali haliiunguzi. Haina rangi wala harufu, na punje nzuri kwa macho zinaweza kuwa nayo.

Kwa wataalamu jina lake ni aflatoksini, nalo limekatwa kutoka kwenye jina la kuvu yenyewe, Aspergillus flavus. Iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Siku hizi wapo wanaosema sumukuvu wakimaanisha aflatoksini peke yake, na wapo wanaojumlisha ndugu zake, kama fumonisini. Kwa hiyo mnunuzi akikuonyesha cheti cha maabara, soma ni ipi iliyopimwa.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Kwa hesabu ya gunia, hiyo ni gramu 1 katika magunia 1,000 ya kilo 100. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hii katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Chemba, moja ya wilaya zilizoguswa, inapakana na mkoa wetu. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawaanguki ghafla. Ini ndilo linaloumia, na saratani yake huja taratibu.

Basi kazi ya mwezi huu ni kukausha. Usiyamwage mahindi juu ya udongo, maana kuvu inaishi humo. Kabla ya kufunga gunia, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na konzi ya mahindi, tikisa, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hata hivyo ongeza siku moja au mbili za jua, kwa sababu ghala linataka 13.5. Gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Karanga zina kosa lake, na ninaliona kila mwaka: kulowesha maganda ili yabanguke kirahisi. Vidole vinapumzika, kuvu inapata maji. Afadhali mashine ya kubangulia ya kuchangia, hata kama foleni ni ndefu.

Kwa alizeti, angalia mashudu. Mafuta yakishakamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye mashudu, nayo huenda kwa ng'ombe. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, na maziwa anapewa mtoto. Mbegu iliyovunda isipelekwe kukamuliwa eti mashine itaificha.

Na punje mbovu ulizochagua? Najua ziendako: kwa kuku, au kwenye pombe. Pombe haiiui sumu hii, na kuku hawaivumilii. Chimba shimo, fukia.

Anayepanda mahindi au karanga msimu ujao aulizie mapema Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyotengeneza sumu, inayomwagwa shambani ili iipokonye nafasi ile mbaya. Ni kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu.